Mama Mwenye Mimba na Dawa za Ugonjwa wa Mawazo

(Maneno haya yalisemwa na mama mzalishaji, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa chama. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukafupisha kidogo. Maswali matatu ya wanachama yako mwishoni.)



Kamati iliniomba niongee tena juu ya usafi wa uzazi, kama mwaka jana. Nikawaomba ruhusa niongee jambo lingine, sababu linanikaa rohoni. Nataka tuongee juu ya mama mwenye mimba ambaye alikuwa anameza dawa za sonona. Sonona ni neno la Tanzania, wengi wetu tulilisikia kambini. Wenye kusoma Kifaransa wanasema depresio. Hapa nyumbani tunasema tu ugonjwa wa mawazo, ama "ule mama eko nawaza sana". Majina ni matatu lakini ugonjwa ni mmoja.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja wa kwetu alirudi kutoka Nyarugusu na watoto wawili. Sitasema jina lake wala mtaa wake, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kusema haya. Kule kambini, baada ya kuzaa mtoto wa pili, alishikwa na ugonjwa wa mawazo. Alikuwa hali, halali, hachukui mtoto. Walimtibu, wakampa dawa inaitwa fluoksetini, kidonge kimoja kila siku. Akapona. Akarudi kupika, akalima bustani, akaanza kucheka na wenzake. Alipovuka ziwa kurudi nyumbani alikuwa na karatasi yake ya matibabu na vidonge vya miezi miwili.

Hapa akapata mimba ya tatu. Akaja kwangu siku ya CPN. Akafungua ncha ya kitenge, akatoa vile vidonge, akaniuliza: "Mama, iyi dawa haitaniharibia mutoto?"

Mimi sikuwa najua. Ningesema sijui, ngoja niulize, ingekuwa sawa. Lakini benchi lilikuwa limejaa wamama, na mimi nilikuwa na blauzi nyeupe. Nikamwambia: "Acha kwanza." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Aliacha siku ileile. CPN iliyofuata hakuja. Nikasema labda ameenda shambani. Kumbe alikuwa amerudi kulekule alikotoka. Usiku mmoja jirani yake, ambaye ni mwanachama wa chama hiki na amekaa hapa mbele yangu, aliona mlango wake wazi, watoto wamelala peke yao. Akamfuata, akamkuta kando ya ziwa, ameketi gizani. Hakumgombeza. Alimshika mkono, akamrudisha, akalala naye nyumba moja siku tatu, mpaka tulipopata moto ya kumpeleka hospitali. Daktari alimrudishia dawa yake. Mtoto alizaliwa na kilo 2 na gramu 900, na leo anatembea. Baadaye huyu mama aliniambia: "Sikuwa nataka kufa. Nilitaka tu kichwa kinyamaze."

Nilikuwa karibu kupoteza watu wawili kwa maneno mawili: acha kwanza. Baada ya pale nilikwenda kwa daktari, nikamwomba anifundishe. Yale alinifundisha, na yale nilisoma baadaye, ndiyo nawaletea leo.

Huu ni ugonjwa gani?

Kila mama mwenye mimba anaweza kulia siku moja ama mbili. Bwana amekasirika, chakula hakuna, miguu imevimba, atalia. Hiyo si sonona. Sonona ni pale huzuni inakaa karibu siku zote, kutwa nzima, kwa wiki mbili ama zaidi, na mambo aliyokuwa anapenda hayamwambii kitu tena. Alikuwa anaimba kwaya, sasa haendi. Alikuwa anasuka wenzake nywele, sasa ya kwake imejifunga. Usingizi unakimbia, ama analala mchana wote. Hali chakula. Anajiona hafai kitu. Anasema watoto wangeishi vizuri bila yeye.

Kwa mwenye mimba ugonjwa huu unajificha, sababu mimba yenyewe inachosha na kuondoa hamu ya kula. Na kuna magonjwa mengine yanayofanana: kukosa damu, malaria. Kwa hiyo tunapima damu kwanza, tunatibu malaria. Lakini tusiishie hapo. Tumuulize: "Kitu ulichokuwa unakipenda, bado unakipenda?" Na kama jibu ni zito, tumuulize wazi kama anafikiri kufa. Wengi wanaogopa swali hili, wanasema utamfundisha. Sivyo. Kuuliza hakumpi mtu mawazo ya kufa. Kunampa nafasi ya kusema kile anachokibeba peke yake.

Je, ni wangapi? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zenye uwezo mdogo kama yetu, karibu wamama 16 kwa kila 100 wenye mimba wana ugonjwa wa akili, na zaidi ni huu wa sonona. Baada ya kuzaa wanafika karibu 20 kwa kila 100. Hesabuni wenyewe: siku ya CPN nikiwa na wamama 30 kwenye benchi, wanne ama watano wako na ugonjwa huu. Mimi nilikuwa napima tumbo lao, napima uzito, nawapa vidonge vya damu, na sikuwa nawaona.

Wengine wanasema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 2008 ulitoka utafiti uliofanywa Kinshasa na wamama waliozaa. Watafiti hawakuwaletea jina kutoka Ulaya. Waliwauliza wamama ni shida gani inawapata baada ya kuzaa, na wamama wenyewe wakataja "maladi ya susi", ugonjwa wa wasiwasi na mawazo. Dalili walizozitaja zilifanana sana na zile za sonona. Hakuna aliyetuletea ugonjwa huu kwa ndege. Sisi ambao tumekimbia vita, tukaishi kwenye hema, tukarudi tukakuta shamba limechukuliwa na mtu mwingine, tuna sababu nyingi kuliko wengine. Umaskini, vita, bwana anayepiga, mimba isiyotakiwa, kuwa mbali na mama yako mzazi: hizo ndizo njia za ugonjwa huu. Na yule aliyekwisha kuugua mara moja, anaweza kuugua tena.

Je, dawa inaharibu mtoto?

Sasa nafika kwa swali la yule mama. Nitalijibu jinsi daktari alinijibu.

Kwanza, ni kweli dawa inapita kwenye kondo la nyuma, inamfikia mtoto. Tusidanganyane. Lakini kufika si kuharibu.

Pili, tujue kwamba kwa kila watoto 100 wanaozaliwa popote duniani, karibu watatu wanazaliwa na kilema fulani, hata kama mama hakumeza kidonge kimoja. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: je, dawa inaongeza hesabu hiyo? Mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani, uliofuata mimba karibu 950,000. Waliangalia watoto wa wamama waliomeza dawa za sonona miezi mitatu ya kwanza, wakatafuta vilema vya moyo. Walipolinganisha wamama wenye ugonjwa mmoja, waliomeza na wasiomeza, hawakuona ongezeko kubwa. Dawa kama fluoksetini na sertralini zimetumiwa na wamama wengi sana. Kuna moja inaitwa paroksetini ambayo madaktari wengi hawapendi kuianzisha wakati wa mimba, sababu tafiti fulani zilionyesha shida ya moyo.

Tatu, kuna mambo tunayopaswa kuyajua kabla. Kwa wamama wanaomeza dawa hizi mpaka mwisho wa mimba, karibu watoto 3 kwa kila 10 wanaweza kuzaliwa na mtikisiko kidogo, kulia sana, kupumua haraka, ama kunyonya vibaya. Mara nyingi inapita yenyewe kwa siku chache. Ndiyo sababu mama wa namna hii asizalie nyumbani, na asitoke maternite siku ileile. Akae siku mbili ama tatu tumwangalie mtoto. Kuna pia shida ya mapafu ya mtoto, ni ngumu lakini ni adimu sana: bila dawa inawapata karibu watoto 2 kwa kila 1,000, na kwa waliomeza dawa inafika karibu 3 kwa kila 1,000.

Hayo ndiyo ya upande wa dawa. Sasa tuangalie upande wa pili, ule ambao mimi sikuufikiria siku ile: hatari ya kuacha.

Mwaka 2006, madaktari wa Marekani walifuata wamama 201 wenye mimba ambao walikuwa wamewahi kuugua sonona na walikuwa wazima kwa msaada wa dawa. Kati ya walioacha dawa, 68 kwa kila 100 walirudi kuugua kabla ya kuzaa. Kati ya walioendelea, ni 26 kwa kila 100. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 haukuona tofauti kubwa hivyo kwa wamama wote, lakini ulionyesha kwamba wale waliokwisha kuugua mara nne ama zaidi ndio wako kwenye hatari kubwa. Kwa hiyo wamama hawako sawa, na jibu lao haliwezi kuwa moja.

Na sonona yenyewe haimwachi mtoto salama. Mama asiyekula, mtoto wake anakuwa mdogo. Mama asiyekuja CPN, presha yake hakuna anayeipima. Watoto wa wamama wenye sonona isiyotibiwa wanazaliwa mara nyingi zaidi kabla ya miezi kutimia na wenye uzito mdogo. Na mama aliyezimika hawezi kumnyonyesha mtoto kwa furaha wala kuongea naye. Kwa hiyo anayesema "aache dawa juu ya mtoto" afikiri mara mbili. Mtoto ana haja ya mama mzima.

Kuacha ghafula kuna shida yake pia. Mwili unashtuka: kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi unakatika, mtu anasikia kama umeme unapita kichwani. Mama anafikiri amekuwa mtumwa wa dawa. Hapana, ni mwili unaoshangaa. Kama daktari ameona anaweza kuacha, atapunguza polepole, wiki kwa wiki. Yule ambaye ugonjwa wake ulikuwa mwepesi na amekaa mzima muda mrefu, pengine ataweza. Yule aliyeugua sana, ama aliyewahi kutaka kujiua, mara nyingi ni afadhali aendelee. Wa kuamua ni mama pamoja na daktari. Si mama mkwe, si jirani, na si mimi na blauzi yangu nyeupe.

Dawa za kuwa nazo macho

Nisije nikaeleweka vibaya. Sijasema kila dawa ya kichwa ni sawa kwa mimba.

Kuna dawa inaitwa valproati. Inatumika kwa kifafa na kwa magonjwa mengine ya akili. Hii ni ya hatari kwa mimba. Kwa kila watoto 100 ambao mama zao waliimeza wakati wa mimba, karibu 10 wanazaliwa na kilema, kama mgongo usiofunga, na kati ya 30 na 40 wanakuwa na shida katika kukua na kujifunza. Msichana ama mama anayeweza kushika mimba asipewe hii kama kuna nyingine. Kama anaimeza tayari, asiitupe mwenyewe, sababu kifafa kikirudi kwa nguvu kinaweza kumuua yeye na mtoto. Aende kwa daktari haraka, hata kabla ya kushika mimba, abadilishiwe.

Kuna diazepami, ile wengi wanainunua kwenye famasi ya njiani ili wapate usingizi. Haitibu sonona. Inazoesha mwili, na ikimezwa karibu na kuzaa, mtoto anaweza kutoka mlegevu, hanyonyi vizuri, anapumua kwa shida.

Na dawa za miti shamba. Mimi sipigani na wazee wetu. Lakini hatujui kipimo chake, na hatujui inakutana namna gani na kidonge. Mama akinywa, aniambie tu. Sitamkasirikia.

Kunyonyesha? Kwa dawa nyingi za sonona, mama anaweza kunyonyesha. Sertralini inapita kidogo sana kwenye maziwa. Fluoksetini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo tunamwangalia mtoto kama analala na kunyonya vizuri. Lakini msimwachishe mtoto ziwa juu ya woga wa dawa bila kuuliza. Kwa maji tunayokunywa hapa, maziwa ya unga yanaweza kumletea mtoto kuhara kunakomuua.

Si dawa peke yake

Wengine wanafikiri nataka kila mama ameze vidonge. Hapana. Kwa ugonjwa mwepesi ama wa katikati, kuongea na mtu aliyefundishwa kunaponya, na ndiko kunapaswa kutangulia. Na kinachonifurahisha ni kwamba mtu huyo si lazima awe daktari.

Kule Pakistan, vijijini, waliwafundisha wamama wahudumu wa afya wa kawaida, wasio na shule kubwa, kutembelea wamama wenye mimba walio na sonona. Walikuwa wanaongea nao juu ya mawazo yao, juu ya mtoto, juu ya watu wa kuwasaidia. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Mtoto alipofika miezi sita, kati ya wamama waliotembelewa kwa namna hiyo, 23 kwa kila 100 walikuwa bado na sonona. Kati ya wale waliotembelewa kawaida tu, walikuwa 53 kwa kila 100. Shirika la Afya Duniani lilikigeuza kitabu cha mafunzo, na nchi nyingi zinakitumia.

Mnasema Pakistan ni mbali? Hapahapa Kivu, ya Kusini na ya Kaskazini, wamama waliotendewa ubaya wa vita walikutana kwa vikundi na wasaidizi Wakongomani waliofundishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Miezi sita baada ya mafunzo kuisha, wamama wa vikundi ambao bado walikuwa na dalili kubwa za sonona ama wasiwasi walikuwa 9 kwa kila 100. Kwa wale waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa kila 100. Hawa ni dada zetu, wanaongea lugha zetu, na vita ilikuwa bado haijaisha.

Na maombi? Tuombe. Mimi naomba kila asubuhi. Lakini hatumwambii mwenye malaria aache kinini sababu tumemwombea. Mchungaji akimwekea mama mkono, asimnyang'anye kidonge.

Chama kifanye nini?

Mwanachama akifiwa, tunachanga. Mama akizaa, tunamletea sabuni na kitenge. Nyumba ikiungua, tunabeba matofali. Lakini mama akizimika rohoni, tunasema ana kiburi, hasalimii watu. Naomba tubadilike. Naleta maombi manne.

La kwanza, wanaorudi. Wengi bado wako kambini na watakuja. Tuwatumie habari: kabla ya kupanda meli, mwenye ugonjwa wa mawazo aombe karatasi ya uhamisho yenye jina la dawa, kipimo, na tarehe alipoanza. Aombe pia dawa za kutosha mpaka apate mahali pa kuendelea. Akifika, ndani ya wiki ya kwanza aende kituo cha afya, asingoje kidonge cha mwisho.

La pili, sanduku la chama. Tuweke sehemu kidogo kwa moto ya kumpeleka mama hospitali na kumrudisha, na kwa kununua dawa aliyoandikiwa pale inapokosekana kwenye kituo. Dawa hizi si za siku tatu kama za malaria. Zinaanza kufanya kazi baada ya wiki mbili mpaka nne, na zinaendelea miezi mingi. Mama akikosa wiki mbili kati, tunarudi nyuma. Wafadhili wetu, hapa ndipo msaada wenu unahitajika kuliko kwenye kofia na mabango. Mtusaidie kwa kitu kisichokatika, hata kiwe kidogo.

La tatu, ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Ulaya. Tunajua mnatupenda. Lakini msitume vidonge ndani ya sanduku la msafiri, bila karatasi, mkisema "mupatie dada ameze". Kidonge kilichomponya wewe kinaweza kumdhuru mwenye mimba. Tumeni feza, tumwone daktari.

La nne, wamama sita. Natafuta wamama sita wa chama, wenye kunyamaza, wenye kusikiliza, wanaoweza kutembelea mama mara moja kwa wiki. Tutawaombea mafunzo kwa zoni ya afya. Kazi yao haitakuwa kutoa mashauri mengi. Itakuwa kukaa, kuuliza, kusikiliza, kumkumbusha dawa kama anayo, kumsindikiza CPN, na kujua lini kukimbia kuita muganga. Mama wa kwanza aliyejiandikisha ni yule mwenyewe niliyemwambia aache dawa.

Wababa, nanyi niwaambie kitu. Mama akisema "nimechoka", usimjibu kwamba mama yako alizaa kumi na hakuchoka. Mchukulie maji siku hiyo. Umuulize anawaza nini, halafu ukae ungoje jibu.



Maswali ya wanachama

Mzee mmoja aliuliza: Mke wa mwanangu alimeza dawa hizo miezi miwili bila kujua kwamba eko na mimba. Tufanye je?

Jibu: Msiogope, na asiache ghafula. Aje CPN wiki hii na karatasi ama paketi ya dawa, tujue ni ipi. Kama ni fluoksetini ama sertralini, mara nyingi ataendelea na tutamfuata. Kama ni valproati, anaenda kwa daktari leo, si kesho. Na asijilaumu. Hajafanya kosa.

Mama mmoja aliuliza: Nikienda kuongea na hao wamama sita, mtaa mzima hautajua?

Jibu: Swali lako ni la haki. Atakayetoa siri nje, tutamwondoa kwenye kikundi, na kamati imekubali kuliandika hilo katika sheria za chama. Unaweza pia kuomba mama wa mtaa mwingine ndiye akutembelee. Na kama hutaki kikundi, njoo kwangu peke yako, jioni, baada ya CPN.

Kijana mmoja aliuliza: Kama mtu anasema anataka kufa usiku, na hospitali ni mbali?

Jibu: Usimwache peke yake hata dakika moja. Ondoa dawa zote na vitu vya hatari karibu naye. Mwite mtu wa pili. Kaeni naye, mmpe chai, msimhubirie wala kumgombeza. Kukicha mnampeleka. Jirani wa yule mama hakuwa na shule ya uganga. Alimshika tu mkono, akakaa.

(Baada ya mkutano, wamama wanne waliandika majina yao. Nafasi mbili zinabaki. Mwenye kutaka amwone katibu wa chama.)